Kimbunga kinakuja: maji yatafika wapi?

Taifuni Haiyan ilipoukaribia mji wa Tacloban, Ufilipino, alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2013, watu walikuwa wameshaonywa. Kasi ya upepo ilitangazwa, njia yake ilichorwa kwenye ramani, na matangazo yalisema kwamba bahari itapanda. Kilichokwama ni neno. Watabiri walitumia istilahi yao ya kitaalamu, "storm surge", na wengi walioisikia hawakupata picha yoyote kichwani. Manusura walisema baadaye kwamba wangeambiwa "kitu kama tsunami" wangekimbia. Maji yalipanda mita 5 hadi 6 katika sehemu za mji, yakaingia hata kwenye baadhi ya majengo yaliyotengwa kuwa hifadhi. Ufilipino ilihesabu vifo zaidi ya 6,000.

Sisi wa Kiswahili hatujapona ugonjwa huo. Mmoja huandika "mawimbi ya dhoruba", mwingine "mafuriko ya bahari", mwingine haligusi kabisa. Neno "mawimbi" ndilo linalopotosha zaidi, maana wimbi huja na kurudi. Jambo lenyewe ni bahari nzima kuinuka na kubaki juu kwa saa kadhaa, kisha mawimbi ya kawaida yakatembea juu ya kimo hicho kipya, sebuleni kwa mtu. Hapa nitaliita bahari kupanda, na nitalikalia kwa muda mrefu, kwa sababu karibu kila anayefuatilia kimbunga huuliza kwanza upepo una kasi gani.

Kinavyozaliwa

Harikeni, taifuni na kimbunga cha kitropiki ni kitu kimoja. Majina hutofautiana kwa bahari tu. Chakula chake ni joto la maji. Bahari inatakiwa iwe na nyuzi joto zisizopungua 26.5 hivi, na si juu juu tu, bali hadi kina cha mita 50 au zaidi. Kina hicho kina maana yake. Upepo mkali huikoroga bahari na kuyaleta juu maji ya chini. Kama tabaka la joto ni jembamba, yanayopanda ni ya baridi, na kimbunga hujizimia moto chenyewe.

Mvuke unaopanda hugeuka matone ya mvua na kuachia joto lililotumika kuuvukiza. Joto hilo huisukuma hewa juu zaidi, mgandamizo wa hewa chini unashuka, na hewa ya pembeni inakimbilia pale palipopungua. Mzunguko wa dunia huipindisha, nayo ikaanza kuzunguka: kusini mwa ikweta kwa mwelekeo wa mshale wa saa, kaskazini kinyume chake. Pepo za juu zisitofautiane mno na za chini, la sivyo mnara wa mawingu hupinda na kukatika kabla haujakomaa.

Karibu na ikweta ule mpindo wa dunia hauna nguvu, ndiyo maana vimbunga ni nadra ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande. Nadra, lakini ukitoka nje kidogo tu ya ukanda huo mambo hubadilika. Zanzibar iko kwenye nyuzi 6 kusini hivi, na kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mtu akikwambia kwamba pwani fulani haina historia ya vimbunga, muulize historia hiyo inaanzia mwaka gani.

Namba inayotangazwa

Mfumo hupewa jina upepo wake wa wastani ukifika kilomita 63 kwa saa. Ukifika 118 au 119, huwa kimbunga kamili, yaani kile ambacho Atlantiki huitwa harikeni. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi kituo cha kikanda cha kutabiri vimbunga kiko kisiwani Réunion, na majina hutolewa na Madagaska au Morisi kulingana na mahali mfumo ulipo. Tahadhari moja kwa wanaopenda kubishana mtandaoni: kituo hicho hupima wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani hupima wa dakika 1. Kimbunga kilekile kitatoka na namba mbili, ya Wamarekani ikiwa kubwa zaidi, na hakuna aliyedanganya.

Vipimo hivyo, pamoja na vile vya daraja la 1 hadi la 5, huhesabu upepo peke yake. Havisemi lolote kuhusu mvua itakayonyesha wala bahari itapanda kiasi gani. Marekani walipochambua vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga kati ya 1963 na 2012, karibu tisa katika kila kumi vilitokana na maji, na karibu nusu ya vyote ni bahari kupanda. Upepo wenyewe uliua wachache. Kwa hiyo daraja linakufaa ukiwaza paa. Ukiwaza roho za watu, unahitaji namba nyingine.

Bahari inapopanda

Sababu ni mbili, nazo hazilingani. Ya kwanza ni mgandamizo. Hewa ikipungua uzito kwa hektopaskali 1, bahari huinuka sentimita 1 hivi. Hali ya kawaida ni kama hektopaskali 1,013. Kitovu cha kimbunga kikiwa na 940, bahari imenyanyuka sentimita 70 na ushee. Si haba, lakini hayo hayafiki darini.

Sababu kubwa ni upepo kuyasukuma maji kuelekea nchi kavu kwa saa nyingi mfululizo. Penye kina kirefu, maji yanayosukumwa juu hupata njia ya kurudi kwa chini. Penye kina kifupi kinachoenea mbali kutoka ufukweni, njia hiyo haipo, yanarundikana. Ghuba yenye umbo la faneli huyabana zaidi. Pwani mbili zikipigwa na vimbunga vyenye upepo sawa, moja yaweza kupata mita moja na nyingine mita sita, tofauti ikiwa ni sakafu ya bahari tu. Kaskazini mwa Ghuba ya Bengal kuna yote mawili, kina kifupi na umbo la faneli, tena nchi yenyewe ni tambarare. Usiku wa 12 Novemba 1970 bahari iliingia katika eneo ambalo leo ni Bangladesh na kuua watu wanaokadiriwa kati ya 300,000 na 500,000. Mwaka 2008, kimbunga Nargis kilirudia somo hilo katika delta ya Irrawaddy, Myanmar: zaidi ya watu 130,000 walikufa au kupotea.

Upande nao una maana. Simama kusini mwa ikweta ukitazama kule kimbunga kinakoelekea: mkono wako wa kushoto ndio upande mbaya, kwa kuwa kasi ya mzunguko hujumlishwa na kasi ya safari yake. Kaskazini mwa ikweta ni kulia. Kijiji kilicho kilomita 40 upande huu wa kitovu huona bahari ikiingia, na kilicho kilomita 40 upande wa pili huweza kuona maji yakirudi nyuma mpaka matope ya chini yakaanikwa. Asiende mtu kuokota samaki pale. Upepo ukigeuka, maji hurudi.

Halafu kuna mwezi. Bahari iliyopandishwa na kimbunga hukaa juu ya maji kujaa au kupwa, vyovyote itakavyoyakuta. Idai kilipofika karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, mwezi ulikuwa robo ya kwanza, yaani wakati wa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo. Beira ni bandari ambayo tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, hufika karibu mita 6. Kingechelewa wiki moja kingekutana na mwezi mpevu na bamvua yake. Hivyo mvuvi anayeijua kalenda ya maji ana sehemu ya utabiri tayari: amuulize mtabiri bahari itapanda kiasi gani juu ya kawaida, aongeze kimo cha maji ya saa ile, kisha alinganishe na kimo cha kizingiti cha mlango wake. Mita ya ujazo moja ya maji ina uzito wa tani moja, na ya chumvi huzidi kidogo. Ukuta wa tofali usio na nondo hauwezi kubishana na hilo.

Kuhusu mikoko, sifa zake ni za kweli ila huchanganywa. Kupunguza mawimbi inaweza sana: mita 100 tu za msitu hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Kuzuia bahari kupanda ni kazi nyingine. Huko punguzo ni kati ya sentimita 5 na 50 kwa kila kilomita ya mikoko. Ukanda mwembamba mbele ya kijiji utaokoa nyumba zisipigwe na mawimbi, lakini hautawaokoa watu wasihame.

Mvua huendelea na safari

Kikishapanda nchi kavu kimbunga hukosa chakula, upepo unalegea, na vyombo vya habari hupunguza sauti. Mvua haipungui kwa kasi hiyo. Milima ikiisukuma hewa ile juu, huongezeka. Kisiwa cha Réunion kinashikilia rekodi za dunia kwa sababu hiyo: Februari 2007, kimbunga Gamede kilimwaga milimita 3,930 ndani ya saa 72 kileleni kule. Kwa vipimo vya kawaida zaidi, milimita 100 juu ya hekta moja ni tani 1,000 za maji, na yote yanatafuta bonde.

Kinachoamua wingi wa mvua mahali pamoja ni kasi ya kimbunga kusafiri. Chenye upepo dhaifu kinachotambaa huweza kumwaga zaidi ya chenye upepo mkali kinachopita mbio. Idai kiliua Chimanimani, Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, mawe na matope yalipoporomoka usiku juu ya nyumba za watu. Freddy, kilichozaliwa karibu na Australia Februari 2023 na kuvuka Bahari ya Hindi nzima, kilipiga Msumbiji mara mbili, kisha Machi kikaleta maporomoko Blantyre na wilaya za kusini mwa Malawi. Waliokufa au kupotea walizidi 1,000.

Mlima hutoa dalili kabla haujaachia. Ufa mpya wa nusu duara kwenye udongo juu ya nyumba. Miti au nguzo zinazoanza kuinama upande mmoja. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao leo unakwama, kwa kuwa fremu imepinda. Chemchemi mahali ambapo hapakuwa nayo. Dalili mbaya kuliko zote ni mto kupungua ghafla huku mvua ikinyesha: kuna kitu kimeuziba huko juu, na kitafunguka kwa mkupuo. Ondoka kwa kwenda pembeni, mbali na njia ya bonde. Usikimbie kufuata mteremko.

Mito mikubwa huchelewa. Maji ya Buzi na Pungwe, karibu na Beira, yaliendelea kutanda bonde zima siku kadhaa baada ya Idai kupita, na watu walioushinda upepo waliokutwa juu ya mapaa na miti walikuwa wamekaa huko kwa siku kadhaa. Maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi.

Kuhesabu saa kutoka mwisho

Kosa linalojirudia katika uhamishaji ni kuichukua saa ambayo kitovu kitafika kuwa ndiyo saa ya mwisho ya kuondoka. Fanya hesabu. Kimbunga kinasafiri kilomita 15 kwa saa, na upepo wa zaidi ya kilomita 63 umeenea kilomita 200 kutoka kitovuni. Gawanya: upepo huo utakufikia saa 13 hivi kabla ya kitovu. Kitovu kikitarajiwa saa 12 jioni, barabara, vivuko na mashua vinafungwa kuanzia saa 11 alfajiri. Maana yake safari ni ya jana yake, mchana, jua likiwaka na majirani wakikucheka.

Ramani ya utabiri nayo husomwa vibaya. Ile koni inayopanuka huonyesha mahali kitovu chaweza kupita, wala si ukubwa wa kimbunga, na hata hivyo takriban mara moja katika kila tatu kitovu hutoka nje yake. Kuwa nje ya koni si kuwa salama. Na nguvu huweza kuruka usiku mmoja: Oktoba 2023, Otis kilitoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5 ndani ya takriban siku moja, kikaipiga Acapulco, Meksiko, watu wakiwa wamejiandaa kwa kitu kidogo.

Bangladesh ndiyo mfano ninaoupa uzito kuliko mingine, kwa sababu ilibadili matokeo bila kuwa tajiri. Baada ya 1970 ilianzisha mpango wa kujitayarisha kwa vimbunga, ambao leo una makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea wenye bendera, vipaza sauti na redio, kila mmoja akiwa na nyumba anazozijua za kupitia. Hifadhi hujengwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Waligundua kwamba watu hukataa kuhama kwa sababu zenye akili kabisa: ng'ombe ndio akiba yote ya familia, nyumba tupu huibiwa, na wanawake hawataki kulala kwenye ukumbi mmoja usio na choo chao. Kwa hiyo yakajengwa matuta ya udongo kwa ajili ya mifugo, vyumba vikatengwa, na wanawake wengi wakaingizwa miongoni mwa wanaogonga milango. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na vifo nchini humo vilihesabika kwa makumi. Vya kimbunga cha 1991 vilikuwa karibu 138,000.

Paa

Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: ukiongezeka mara mbili, msukumo ni mara nne. Upepo wa kilomita 180 kwa saa husukuma kwa nguvu ya takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Bati jembamba halifiki kilo 5 kwa mita hiyo. Tena sehemu kubwa ya paa haisukumwi chini. Hufyonzwa juu, kwa nguvu zaidi pembeni, kwenye kona na mgongoni. Ndiyo maana mabati huanza kung'oka ukingoni.

Msumari ni imara ukivutwa kwa ubavu, dhaifu ukivutwa kwa urefu wake, na upepo huvuta kwa urefu. Skrubu zenye mpira hushika zaidi, au misumari ya bati iliyojipinda kama skrubu. Zipigwe juu ya mgongo wa bati: katika kingo, kofia na ncha kila baada ya mgongo mmoja, katikati ya paa waweza kuachia zaidi kidogo. Lakini bati likishika na mbao isishike, utapoteza vyote kwa pamoja, kwa hiyo fuata mnyororo mpaka chini: bati kwenye mbao ndogo za juu, mbao hizo kwenye kenchi, kenchi kwenye mkanda wa zege ulio juu ya ukuta, mkanda kwenye msingi kwa nondo. Kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma inayozunguka mbao, au nondo iliyoachwa ikichomoza kwenye zege. Paa la miteremko minne yenye nyuzi kama 30 huhimili kuliko la miteremko miwili au lililolala. Baraza iwe na paa lake, ili likiondoka liondoke peke yake.

Kuna imani kwamba ukifungua madirisha mgandamizo utasawazika na paa litapona. Ni kinyume. Upepo ukiingia husukuma paa kutoka chini huku mwingine ukilifyonza kutoka juu. Funga kila kitu, ziba kwa plaiwudi ya milimita 16 iliyokatwa mapema. Utepe wa gundi wa msalaba kwenye kioo hausaidii kitu.

Jicho likipita juu yako upepo hunyamaza, pengine na nyota zikaonekana, kwa dakika chache au hata saa nzima. Kisha hupiga ghafla kutoka upande wa pili, na chochote kilicholegezwa na awamu ya kwanza humaliziwa. Muda huo si wa kupanda juu ya paa kutengeneza.

Baada ya kutulia

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia. Ukishasimama ndani ya maji usiiguse. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani, kwa sababu moshi wake huua familia iliyolala baada ya kunusurika na kimbunga.

Maji ya kunywa ya siku tatu za mwanzo, lita 4 kwa mtu kwa siku, yawe yameshawekwa kabla. Yakiisha, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Pasipo kuni wala gesi, tumia klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, 4 yakiwa na ukungu, koroga, subiri dakika 30. Klorini haiondoi chumvi wala mafuta ya magari. Mtu akiharisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo bila kuacha, na umfikishe kwa mhudumu. Baada ya Idai kipindupindu kilianza Beira ndani ya wiki mbili. Malaria hufuata baadaye, madimbwi yakishazaa mbu kizazi kimoja au viwili.

Kisima kifupi kilichofunikwa na bahari hushawishi kukamuliwa mara moja kwa pampu kubwa. Ukikikamua mno, unavuta maji ya chumvi yaliyo chini yake, na kisima kinaharibika zaidi. Toa maji na takataka kwa kiasi, kisha acha mvua za msimu zisukume chumvi chini. Shamba lililoingiliwa na bahari hungoja mvua hizohizo.

Kabla hamjapiga deki, chukueni rangi na brashi. Mstari wa matope uliobaki ndani ya nyumba huonyesha kimo halisi cha maji kuliko ule wa nje, ambako mawimbi yalirusha. Wekeni alama kwenye mstari huo, katika nyumba nyingi kadiri iwezekanavyo, shuleni na kwenye nyumba za ibada, na mwandike tarehe. Mvua ya pili huufuta.